Mto Rusizi na mpango wa kuichunguza Dunia kwa pamoja

KATIKA pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, wilayani Rusizi, sehemu ambayo kwa miaka mingi ilijulikana kwa jina la Cyangugu, Ziwa Kivu linakoma na Mto Rusizi unaanza. Ng'ambo ya mto ni mji wa Bukavu, nchini Kongo. Chini zaidi, mahali ambapo maji yanaporomoka kwa kasi baina ya vilima, ipo stesheni ya kufua umeme iitwayo Rusizi II.

Stesheni hii haistahili kutajwa kwa sababu ya ukubwa wake. Mashine zake tatu zina uwezo wa megawati 43.8 kwa jumla, kiasi ambacho ni chini ya robo ya uwezo wa Kidatu nchini Tanzania. Inastahili kutajwa kwa sababu si mali ya nchi moja. Ilipoanza kazi mwaka 1989, ilikuwa ni matunda ya Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, iliyoundwa mjini Gisenyi tarehe 20 Septemba, 1976, na nchi za Burundi, Rwanda na Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasi ya Kongo. Nchi hizo tatu ziliunda shirika moja, SINELAC, na kulikabidhi kazi ya kuiendesha stesheni na kuzigawia nchi zote tatu umeme kwa mafungu sawa.

Kugawana umeme ni jambo ambalo fundi anaweza kulitimiza kwa waya na mita. Jambo gumu zaidi ni kukubaliana juu ya maji yenyewe. Ziwani mna maji kiasi gani mwezi huu? Je, yanapungua kwa sababu mvua haikunyesha, au kwa sababu yamefunguliwa mno? Je, mwezi ujao yatatosha? Maswali hayo hayana jibu la Kirwanda, la Kikongo wala la Kirundi. Yana jibu moja tu, nalo hupatikana kwa kupima. Na kipimo hakina faida ikiwa pande zote hazikiamini.

Katika makala haya tutaeleza jinsi swali hilo dogo la Mto Rusizi lilivyo sehemu ya swali kubwa lililoushughulisha ulimwengu kwa zaidi ya karne moja, yaani namna ya kuichunguza Dunia kwa mpango mmoja, kila nchi ikitoa ilicho nacho na kupokea kilicho cha wote.

MTO MMOJA, MASHAKA YA WENGI

Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha meta 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko karibu meta 700 chini yake. Mto Rusizi ndio ngazi inayoyaunganisha maziwa hayo mawili, na katika mwendo wake wa kilometa 117 hivi unayashusha maji kutoka milimani hadi kwenye tambarare ya Imbo na Uvira. Kutoka Tanganyika maji hayo hutoka kwa Mto Lukuga, yakaingia katika Mto Kongo, na hatimaye yakafika bahari ya Atlantiki.

Kwa hiyo maji yanayopita Rusizi II hayawahusu watu wa Cyangugu na Bukavu peke yao. Yanamhusu mkulima wa mpunga wa tambarare ya Rusizi, mkazi wa Gatumba karibu na Bujumbura, na hata mvuvi wa Kigoma, kwa kuwa Ziwa Tanganyika ni mali ya nchi nne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Mwaka 2020 Rusizi ilifurika huko Gatumba, maelfu ya watu wakayahama makazi yao. Katika miaka hiyohiyo Ziwa Tanganyika lilipanda kiasi cha kumeza nyumba, barabara na mialo ya samaki katika nchi zote zinazolizunguka.

Lakini mto huo huo umewahi kuleta mashaka ya upande wa pili. Kati ya mwaka 2004 na 2006 mvua zilipungua katika eneo zima la Maziwa Makuu. Kimo cha Ziwa Kivu kilishuka, na Rwanda ikalazimika kukodi mashine za dizeli ili kufidia umeme uliokosekana, kwa gharama iliyomwelemea mlipa kodi na mwenye kiwanda.

Hapo ndipo mtu anapoona ugumu wa mto wa pamoja. Juu ya Rusizi II, kwenye mdomo wenyewe wa ziwa, ipo stesheni ya Rusizi I, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Wabelgiji, na ambayo leo huendeshwa na shirika la umeme la Kongo. Bwawa la Rusizi I ndilo mlango wa ziwa. Tone la maji lililopita hapo hupita tena Rusizi II, na likipita halirudi. Mlango ukifunguliwa mno leo, stesheni zote mbili zitapata umeme mwingi leo na kukosa kesho. Ukibanwa mno, ziwa litapanda na wakazi wa kando watalalamika. Na sasa umo katika mipango mradi wa Rusizi III, utakaoyatumia maji hayohayo kwa mara ya tatu.

Ni dhahiri basi kwamba mwenye kuushika mlango, mwenye kuketi chini yake, na mwenye kulima bondeni, wote wanahitaji kuisoma namba moja. Kila mmoja akiwa na namba yake, mazungumzo hugeuka kuwa shutuma.

FUNZO LA ZIWA VICTORIA

Shutuma za namna hiyo si jambo la kufikirika. Katika kipindi hichohicho cha ukame, Ziwa Victoria nalo lilishuka kwa kasi iliyowatia watu hofu. Tangu miaka ya 1950, lilipojengwa bwawa la Owen Falls kule Jinja, ilikubaliwa kwamba maji yatakayoruhusiwa kutoka yalingane na yale ambayo yangetoka kwa asili kulingana na kimo cha ziwa. Mwaka 2006 mtaalamu wa maji, Daniel Kull, alitoa taarifa iliyosema kwamba takriban nusu ya upungufu wa miaka ya 2004 na 2005 ilitokana na maji kufunguliwa kupita kiasi kilichokubaliwa, na nusu nyingine ilitokana na ukame. Taarifa hiyo ilizusha mabishano makali Afrika Mashariki nzima.

Katika mabishano hayo kulikuwa na shahidi ambaye hakutarajiwa. Kimo cha Ziwa Victoria kilikuwa kikipimwa na setilaiti kutoka angani, na matokeo yake yalikuwa yakitangazwa wazi, yakaweza kusomwa na mtu yeyote aliyetaka, awe wa Kampala, Kisumu au Mwanza. Hapakuwa na ofisi moja iliyoweza kulifungia ziwa kabatini.

Ndugu msomaji huenda akauliza jinsi chombo kilicho juu angani kinavyoweza kupima kimo cha ziwa. Kanuni yake si ngumu. Setilaiti hutuma mpigo wa mawimbi ya rada kuelekea chini. Mawimbi hugonga uso wa maji na kurudi. Chombo hupima muda uliopita. Setilaiti iitwayo TOPEX/Poseidon, iliyorushwa na Marekani na Ufaransa mwaka 1992, ilizunguka kwenye kimo cha kilometa 1,336 hivi, na mpigo wake ulichukua kiasi cha sehemu tisa za elfu za sekunde kwenda na kurudi. Kwa kuwa mahali ilipo setilaiti panajulikana kwa usahihi mkubwa, umbali huo hutoa kimo cha maji kwa kukosea sentimeta chache tu katika maziwa makubwa. Chombo hicho kilirudia njia yake kila baada ya siku 10 hivi.

Jambo la kutiliwa maanani ni kwamba TOPEX/Poseidon ilipochakaa, kazi haikukatika. Ilifuatwa na Jason-1 mwaka 2001, Jason-2 mwaka 2008, Jason-3 mwaka 2016, na Sentinel-6 mwaka 2020, kila moja ikipita kwanza njia moja na ile iliyotangulia ili vipimo vilinganishwe. Mnyororo huo wa zaidi ya miaka 30 haukutengenezwa na nchi moja. Ni kazi ya mashirika ya Marekani na ya Ulaya yaliyopanga zamu mapema. Kama kila nchi ingerusha chombo chake kwa wakati wake na kwa kipimo chake, tungekuwa na vipande vya habari visivyoungana.

WAZO LENYEWE NI LA ZAMANI

Wazo la kuichunguza Dunia kwa ushirikiano halikuanza na setilaiti. Mwaka 1873, wataalamu wa hali ya hewa walikutana Vienna na kuweka msingi wa shirika la kimataifa la elimu hiyo, baada ya kutambua kwamba dhoruba haisimami kwenye kituo cha forodha. Nahodha aliyepima hewa kwa kipimo kimoja hakuweza kusaidiwa na habari za bandari iliyotumia kipimo kingine wala na saa nyingine ya kupimia. Mwaka 1950 shirika hilo likageuzwa kuwa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ambalo baadaye likawa chombo cha Umoja wa Mataifa chenye makao yake mjini Geneva. Mwaka 1963 lilianzisha mpango wa ulinzi wa hali ya hewa duniani, ambao hadi leo hukusanya vipimo vya vituo vya nchi kavu, meli, ndege na setilaiti, na kuvipeleka kila upande wa dunia kila siku.

Afrika Mashariki haikubaki nyuma. Ziwa Victoria lilipopanda ghafla kwa zaidi ya meta 2 kati ya mwaka 1961 na 1964, nchi za bonde la Naili zilitambua kwamba hazina vipimo vya kutosha kueleza yaliyotokea. Mwaka 1967 ulianza mradi wa pamoja wa kupima mvua na maji katika mabonde ya maziwa ya Victoria, Kyoga na Albert, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Misri, Kenya, Sudan, Tanzania na Uganda zilikuwamo tangu mwanzo. Rwanda na Burundi zikajiunga baadaye. Mwaka 1975, miaka mitatu tu baada ya Marekani kurusha setilaiti ya kwanza ya Landsat, kilianzishwa mjini Nairobi kituo cha kanda cha upimaji na uchoraji wa ramani, chini ya mwavuli wa Tume ya Uchumi ya Afrika, ili Waafrika wajifunze kuzisoma picha za nchi zao wenyewe.

Hata hivyo, kila jitihada ilikuwa na njia yake. Waliopima mvua hawakuzungumza sana na waliopima misitu. Waliopima bahari hawakujua mahitaji ya waganga wanaopambana na malaria. Setilaiti ziliongezeka, lakini picha zake ziliuzwa ghali au zilifungiwa katika maghala ya nchi zilizozirusha. Ilionekana kwamba Dunia inatazamwa na macho mengi, ila macho hayo hayana kichwa kimoja.

MPANGO WA MIAKA 10

Tarehe 31 Julai, 2003, wajumbe wa serikali nyingi walikutana Washington katika mkutano wa kwanza wa viongozi kuhusu uchunguzi wa Dunia. Mkutano wa pili ulifanyika Tokyo mwaka 2004, na wa tatu Brussels mwezi Februari 2005. Katika mkutano huo wa Brussels nchi takriban 60, pamoja na Tume ya Ulaya, zilipitisha mpango wa miaka 10 wa kujenga mfumo mmoja wa dunia nzima, na kuunda Kundi la Uchunguzi wa Dunia, lijulikanalo kwa kifupi GEO, lenye makao yake Geneva. Tarehe 30 Novemba, 2007, mawaziri walikutana Cape Town, na hivyo bara la Afrika likawa mwenyeji wa baraza hilo. Mwaka 2015 mpango uliongezewa miaka mingine 10 huko Mexico, na mwaka 2023 mawaziri walirudi tena Cape Town kuweka mwelekeo wa kipindi kinachofuata.

Mpango huo ulitaja mambo tisa ambayo binadamu angenufaika nayo: maafa, afya, nishati, tabia ya nchi, maji, hali ya hewa, mazingira ya viumbe, kilimo, na wingi wa aina za mimea na wanyama. Msomaji akiyatazama kwa makini ataona kwamba bonde la Rusizi linayahitaji karibu yote. Nishati ni Rusizi I na II. Maji ni Kivu na Tanganyika. Kilimo ni mpunga wa Imbo na Bugarama. Mazingira ni misitu ya Nyungwe na Kibira, inayohifadhi chemchemi za milimani. Na maafa, kama tutakavyoona, hayahitaji kutafutwa.

Lililo muhimu zaidi ni jinsi mpango ulivyotungwa. Haukuzitaka nchi ziache vyombo vyao wala uhuru wao. Kila setilaiti ilibaki mali ya mwenyewe, kila kituo kikaendelea kusimamiwa na serikali yake. Kilichotakiwa ni kwamba vipimo vilingane ili viweze kusomwa pamoja, na habari zitolewe kwa wote bila kuchelewa na kwa gharama ndogo iwezekanavyo. Hiyo ndiyo maana ya kuuita mfumo unaounganisha mifumo. Nchi tatu za Rusizi zilikwisha kuitambua busara hiyo kabla ya mkutano wa Brussels: hakuna aliyeitoa ardhi yake, lakini wote wanakula kwenye sinia moja kwa mafungu yaliyokubaliwa.

Matunda yake yalianza kuonekana. Mwaka 2008 Marekani iliamua kutoa bure picha zote za Landsat, na Ulaya ikafuata utaratibu huohuo kwa setilaiti zake za Sentinel. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu wa Huye, Bujumbura au Dar es Salaam aliye na kompyuta na intaneti sasa anaweza kuiona picha ya ziwa lake iliyopigwa siku chache zilizopita, jambo ambalo katika miaka ya 1980 waziri wake asingeliweza.

SETILAITI HAIMFUTI MSOMA KIPIMO

Baada ya kuyasema hayo, hatuna budi kuonya. Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa kuna setilaiti, hakuna haja tena ya mtu kuamka asubuhi na kwenda kusoma kipimamvua au ubao wa kupimia maji mtoni. Hilo ni kosa.

Kwanza, setilaiti ya mvua haioni mvua yenyewe kama mtu aliye uwanjani. Kwa sehemu kubwa hukadiria kutokana na ubaridi wa vilele vya mawingu. Katika milima kama ile ya magharibi ya Rwanda, mvua kubwa huweza kunyesha kutoka katika mawingu ambayo si marefu sana, na chombo kikadhani kwamba hakuna kitu. Pili, setilaiti ya kupima kimo cha maji hupita juu ya mstari wake tu, na ziwa lisilo kwenye mstari hupitwa. Chombo kipya kiitwacho SWOT, kilichorushwa mwezi Desemba 2022 kwa ushirikiano wa Marekani na Ufaransa, wakisaidiwa na Canada na Uingereza, kinatazama eneo pana na kimekusudiwa kupima mito yenye upana wa kuanzia meta 100. Lakini vijito vinavyoshuka milimani usiku na kubeba nyumba ni vyembamba kuliko hivyo. Tatu, kila kipimo cha angani lazima kilinganishwe na kipimo cha nchi kavu ili ijulikane kimekosea kiasi gani. Bila msoma kipimo wa nchi kavu, wa angani hana wa kumsahihisha.

Rwanda yenyewe imelionja jambo hili kwa uchungu. Kabla ya mwaka 1994 ilikuwa na mtandao mzuri wa vituo vya mvua. Katika mauaji ya kimbari ya mwaka huo, pamoja na roho za watu zilizopotea, vituo vingi vilinyamaza, na pengo la takriban miaka 15 likabaki katika kumbukumbu za hali ya hewa za nchi. Baadaye wataalamu wa Rwanda, wakishirikiana na wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani, waliliziba pengo hilo kwa kuunganisha vipimo vichache vilivyosalia na makadirio ya setilaiti. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu mbili: setilaiti hazikukoma kutazama wakati binadamu alipokuwa akiuana, na vipimo vya zamani vya nchi kavu vilikuwapo vya kuzisahihisha. Kama kimoja katika hivyo viwili kingekosekana, pengo lingebaki pengo.

HATARI ISIYONGOJA

Yote haya yangekuwa mazungumzo ya wataalamu kama si roho za watu. Tarehe 3 Februari, 2008, siku ya Jumapili, tetemeko la ardhi lilizipiga Bukavu na Cyangugu, na kuua watu zaidi ya 30 upande wa Rwanda, wengine wakiwa kanisani. Kaskazini ya ziwa, mlima Nyiragongo ulilipuka mwaka 1977, mwaka 2002, na tena tarehe 22 Mei, 2021. Safari hiyo ya mwisho watu wapatao 30 walikufa, na wananchi wa Goma hawakupata onyo la mapema. Kituo cha kuuchunguza mlima huo kilikuwa kimepungukiwa fedha, na kwa miezi kadhaa hakikuwa na intaneti ya kupokelea habari za vyombo vyake.

Chini ya maji ya Kivu kwenyewe mna gesi: kiasi cha kilometa za ujazo 60 za methani na 300 za hewa ya ukaa, iliyoyeyuka na kushikiliwa na uzito wa maji. Mwaka 1986 gesi ya namna hiyo ilitoka kwa ghafla katika ziwa dogo la Nyos nchini Cameroon na kuua watu wapatao 1,700 kwa usiku mmoja. Kivu ni kubwa mara nyingi zaidi, na kando yake wanaishi watu kwa mamilioni. Wataalamu hawasemi kwamba hatari hiyo iko mlangoni. Wanasema kwamba haifai kuachwa bila mlinzi. Na hapa setilaiti haioni kitu. Ni lazima mtu ashushe vyombo vyake kutoka kwenye mtumbwi au boti, mwaka hadi mwaka, na kuandika.

Funzo lililo kali kuliko yote ni la mwezi Mei 2023. Usiku wa kuamkia tarehe 3, mvua kubwa ilinyesha magharibi ya Rwanda. Mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130. Siku moja tu baadaye, tarehe 4, ng'ambo ya ziwa huko Kalehe, mafuriko yalivifagia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu 400 walikufa. Ziwa ni moja, juma ni moja, majira ya mvua ni mamoja. Hatuwezi kudai kwamba habari kutoka ukingo wa mashariki zingewaokoa watu wote wa ukingo wa magharibi. Lakini ni nani atakayesema kwamba zisingemwokoa hata mmoja?

Mwezi Machi 2022 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alitangaza shabaha kwamba kufikia mwisho wa mwaka 2027 kila mtu duniani awe analindwa na utaratibu wa kuonywa mapema. Shabaha hiyo haitafikiwa kwa kurusha setilaiti nyingine. Itafikiwa pale ambapo habari ya setilaiti itamfikia mama wa Nyamukubi kwa lugha anayoielewa, kabla ya maji.

KIZUIZI KIKUBWA

Kizuizi cha kwanza ni fedha. Kipimamvua ni chombo rahisi, lakini mshahara wa mwenye kukisoma kwa miaka 30 si rahisi. Wafadhili hupenda kuzindua mitambo. Wachache hupenda kulipa posho ya msoma kipimo. Matokeo yake ni kwamba mradi ukiisha, na vipimo huisha.

Kizuizi cha pili ni kikubwa zaidi, nacho ni kutoaminiana. Kwa watu wengine habari za mto ni siri ya vita au karata ya mazungumzo. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilipitisha azimio mwaka 1995 la kubadilishana habari za hali ya hewa bila malipo, na mwaka 1999 azimio linalofanana nalo kuhusu habari za mito na maziwa; mwaka 2021 likaunganisha siasa yake yote ya habari katika azimio moja. Lakini azimio la Geneva haliwezi kumlazimisha afisa wa bondeni kuufungua mlango wa ofisi yake.

Na siasa za eneo hili si nyepesi. Jumuiya ya nchi tatu ilidhoofishwa na vita vya miaka ya 1990, ikafufuliwa mwaka 2007, ikazorota tena. Mwezi Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Mwezi Februari 2025 mji wa Bukavu ulitekwa na wapiganaji wa M23. Katika mambo yote hayo, Mto Rusizi haukubadili mwendo wake hata siku moja. Uliendelea kushuka kutoka Kivu kwenda Tanganyika, ukibeba pia taka za plastiki za miji ambazo katika miaka ya karibuni zimekuwa zikiziba mitambo ya umeme. Mfuko uliotupwa na mtu mmoja wa mjini huzima taa ya mtu asiyemjua, wa nchi nyingine. Huo nao ni ushirikiano, ingawa ni wa aina mbaya.

LIPASALO KUFANYWA

Nchi tatu zimekwisha kuunda mamlaka ya bonde la Ziwa Kivu na Mto Rusizi. Mamlaka hayo yanahitaji kupewa nguvu, na nguvu ya kwanza si askari wala majengo. Ni namba. Kimo cha ziwa, maji yanayopita katika kila bwawa, na mvua ya vituo vya milimani vingefaa vitangazwe kila siku mahali pa wazi, kama bei za mazao zinavyotangazwa, ili mhandisi wa Rusizi II, mkulima wa Imbo na mwandishi wa habari wa Kigoma wazisome wote kwa saa moja. Namba iliyo wazi ni vigumu kuighushi, kwa kuwa setilaiti nayo inatazama. Na setilaiti ikikosea, ubao wa kupimia uliopigiliwa ukingoni utaisuta.

Pili, wasoma vipimo wathaminiwe. Vijana wa shule za sekondari za kando ya mto wanaweza kufundishwa kusoma ubao wa maji na kupeleka habari kwa simu ya mkononi. Nchi moja ikishindwa kumlipa msoma kipimo wake, si hasara yake peke yake. Ni jicho la wote lililofumba.

Tatu, vyuo vikuu vya eneo hili vitoe wataalamu wa kuzisoma picha za angani kwa mahitaji yetu. Habari zinazotolewa bure bila wa kuzitafsiri ni sawa na barua iliyofika kwa asiyejua kusoma.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mfumo wa kuichunguza Dunia, pamoja na ukubwa wa jina lake, umejengwa kwa haba hizo: milimeta za mvua zilizoandikwa Nyamasheke, sentimeta za maji zilizosomwa Uvira, mpigo wa rada uliorudi kutoka Tanganyika. Rusizi II imethibitisha kwamba nchi tatu zinaweza kugawana umeme wa mto mmoja kwa mafungu sawa. Zikiweza na kugawana habari za mto huo kwa uaminifu uleule, siku mvua itakaponyesha tena usiku juu ya Kivu, watu wa kingo zote mbili watajua kwa wakati mmoja, na watakuwa na muda wa kuondoka.